Casablanca kwenye Shuka la Merikani

Shuka lilikuwa la merikani. Mama alinunua kitambaa Kariakoo, akaunga vipande viwili kwa cherehani, na mshono ukapita katikati kutoka juu hadi chini. Ndiyo maana hata leo nikimkumbuka Humphrey Bogart namkumbuka akiwa na kovu la wima usoni, na Ingrid Bergman uso wake unapona pale tu anaposogea kulia au kushoto.

Ilikuwa Julai 1971, uani kwetu Upanga, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nimeona filamu nyingi tangu hapo, kwenye majumba yenye viti laini na viyoyozi, lakini hakuna iliyonikaa kama ile iliyotikiswa na upepo wa kusi, ikasimama mara mbili kubadilishwa mkanda, ikatafsiriwa kwa sauti na dada yangu, naye akafika mahali akanyamaza.

Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa moja, familia nne, si mbali na Diamond Jubilee, ukumbi unaokumbusha mwaka 1946, Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, alipopimwa uzito kwa almasi hapahapa Dar es Salaam. Mtaani bado kulikuwa na miembe na minazi iliyosalia tangu enzi za mashamba. Jioni familia za Kihindi zilitoka zote, babu mbele na wajukuu nyuma, wakaenda polepole kupunga hewa baharini. Waafrika tulikuwa wachache. Baba alikuwa fundi wa eksirei Muhimbili, hospitali ambayo wazee bado waliiita Princess Margaret, na mama alikuwa nesi hapohapo. Wote wawili walikwenda kazini kwa miguu, na ukiwa kitandani alfajiri ulisikia viatu vya mama vikigonga lami mpaka vikapotea.

Juu yetu aliishi Mgoa mmoja, fundi wa projekta kwenye sinema moja ya mjini. Sisi watoto tulimwita Anko. Kazi yake ilitufanya tumheshimu kuliko daktari, maana sinema ndiyo iliyokuwa Jumapili yetu: Avalon, Odeon, Empire, Empress, foleni ndefu, walanguzi wa tiketi wakinong'ona bei, na ndani kelele za watu wakimwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Huku bara hatukuwa na televisheni. Picha iliyosogea ilikuwa kitu cha kutoka nyumbani na kukifuata.

Uani kulikuwa na vyumba vitatu vilivyojengwa kwa ajili ya watumishi. Kimoja walikipanga vijana wa Msumbiji, watu wa FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa nchi yao. Walibadilikabadilika: leo watatu, kesho mmoja, keshokutwa sura mpya. Aliyekaa muda mrefu alikuwa kijana wa Mocímboa da Praia aliyekuwa akifundishwa uganga msaidizi. Lugha ya kwao ni Kimwani, ndugu wa Kiswahili, kwa hiyo alituelewa kabla hatujamwelewa. Alimwamkia baba shikamoo kwa unyenyekevu uliomfanya mama aseme kijana huyu ana mama yake mahali fulani. Sisi tulimwita Kaka.

Kaka alikuwa mchangamfu, ila Anko akishuka ngazi alinyamaza. Nilikuja kuelewa baadaye. Anko alikuwa na karatasi za Kireno. Goa ilikuwa ya Ureno mpaka India ilipoichukua Desemba 1961. Na Ureno ndiyo iliyokuwa ikipiga mabomu kwao Kaka. Mjini ilisemwa kwamba PIDE, polisi wa siri wa Ureno, wana masikio kila kona ya Dar es Salaam, kwenye baraza la New Africa Hotel, bandarini, makanisani. Mtu anayezungumza Kireno safi na kuishi juu ya vyumba vya wapigania uhuru lazima atazamwe mara mbili. Anko naye aliliona jicho hilo, akawa anapita uani akitazama chini kama mwenye deni.

Hofu ile haikuwa ya kubuni. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alichukua barua zake ofisini, akaenda kufanyia kazi kwenye nyumba ya rafiki upande wa Oysterbay, akafungua kifurushi chenye kitabu. Kitabu kikalipuka. Mondlane akazikwa makaburi ya Kinondoni, na kuanzia wiki ile hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyeruhusiwa kugusa kifurushi.

Sasa fikiria asubuhi moja ya mwaka 1970, mama anafungua mlango wa jikoni, anakuta kizingitini kitu cha mstatili kilichofungwa kwa karatasi ya kaki na uzi wa katani. Hakukuwa na stempu, hakukuwa na jina. Mama alipiga ukelele nisiousahau. Baba akatoka na singlendi, akatuamuru sote twende barabarani, akakichukua kile kitu kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto mchanga, akakipeleka chini ya mwembe. Halafu akarudi nyuma, akaokota upondo wa kuangulia maembe, akaanza kukigeuzageuza kutoka mbali. Baba alikuwa ameona vita. Sijawahi kumwona akitetemeka ila siku hiyo.

Karatasi ikachanika. Kilikuwa kitabu kweli, sarufi ya Kireno iliyochakaa, na ndani yake barua iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Kimwani, mistari imenyooka kama ya mtoto wa shule. Iliandikiwa dada.

Dada alikuwa kidato cha tatu Jangwani. Alisimama barabarani na sare yake, uso umemwiva. Baba aliisoma barua yote, akaikunja, akairudisha kitabuni, akampa. Hakusema kitu mpaka jioni, na jioni alimwita Kaka barazani, wakazungumza wawili saa nzima. Sijui walisema nini. Ninalojua ni kwamba baada ya siku ile barua hazikupita tena mlangoni. Zilipita kwangu. Nilizibeba ndani ya daftari la hesabu, kutoka chumba cha uani mpaka chini ya godoro la dada, hatua arobaini na mbili, na kila mara moyo ulinienda mbio kana kwamba Lisbon nzima inanitazama.

Ukafika Aprili 1971, mwezi uliobeba mengi. Tarehe 7 Josina Machel wa FRELIMO alifariki Muhimbili. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Mama hakuwa kwenye wodi yake, lakini habari za hospitali hutembea na manesi, na jioni ile alikaa kitandani bila kuvua viatu. Dada alilia kwa sauti, jambo lililotushangaza, kwa kuwa hakuwahi kukutana naye. Kaka alikuwa amemsimulia. Josina alijaribu kutoroka Msumbiji mwaka 1964, akakamatwa kwenye Maporomoko ya Victoria, akarudishwa na kutiwa ndani. Alipotoka akatoroka tena, akapita Swaziland, Afrika Kusini, Bechuanaland na Zambia mpaka akafika Dar es Salaam. Akapewa nafasi ya kusoma Ulaya, akaikataa, akaenda kambi ya Nachingwea kujifunza kutumia bunduki pamoja na wanawake wenzake wa kikosi cha kwanza. Mwaka 1969 alifunga ndoa na Samora Machel, mpiganaji mwenzake. Alimwachia mtoto wa kiume ambaye hata miaka miwili hajatimiza. Naye akazikwa Kinondoni, na vijana wote wa uani kwetu wakavuka Daraja la Selander kwenda kumzika.

Siku kumi na tano baadaye, tarehe 22 Aprili, Serikali ikataifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Upanga ilishtuka. Nyumba yetu ikawa ya Msajili wa Majumba. Kwa baba, aliyelipa kodi kila mwezi, lilikuwa jambo la haki, na mimi nikiwa mtu mzima bado naona sababu zake. Lakini niliona pia nyuso za majirani. Makochi yaliuzwa barabarani, cherehani, makabati ya vioo, baiskeli za watoto niliocheza nao gololi. Neno lililosikika ngazini lilikuwa moja: karatasi. Nani amepata karatasi za Uingereza, nani anangoja za Canada, nani amekataliwa.

Anko naye akapata zake. Kabla ya kuondoka akasema atatuonyesha picha, atakayoichagua mwenyewe. Akaleta projekta ndogo ya milimita 16 na mikanda mitatu kwenye makopo ya bati, akamwomba mama shuka.

Nadhani tulikuwa watu thelathini. Familia ya Kihindi ya chini ilileta viti na bajia. Vijana wa Msumbiji walisimama ukutani. Wanawake walikaa mkekani, na dada akawekwa katikati yao atafsiri.

Casablanca ilionyeshwa mara ya kwanza New York tarehe 26 Novemba 1942, dunia ikiwa vitani. Mwongozaji ni Michael Curtiz. Hadithi yake wengi mnaijua: mji wa Morocco umejaa watu wanaowakimbia Wanazi, kila mmoja anasaka ndege ya kwenda Lisbon ili kutoka huko avuke kwenda Marekani. Rick, mwenye baa anayeigizwa na Bogart, anaangukiwa mikononi na vibali viwili vya kusafiria ambavyo hakuna awezaye kuvizuia. Mlango unafunguliwa, anaingia Ilsa, yaani Bergman, mwanamke aliyempenda Paris na aliyemwacha kituo cha treni bila kumweleza sababu, akiwa na mumewe Victor Laszlo, kiongozi wa wapinzani ambaye Wajerumani wanamtaka.

Dada alipofika kwenye vile vibali alisita kidogo kutafuta neno. Akasema, "Vibali vya kupitia." Uani kukapita mnong'ono. Mzee wa Kihindi aliyekuwa na kikapu cha bajia alirudia polepole, vibali vya kupitia, akatikisa kichwa. Pale hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Anko alikuwa nacho chake. Mzee yule alikuwa akingoja. Na vijana waliosimama ukutani walikaa nchini kwa kibali cha Tanzania. Hata Mandela, alipotoka Afrika Kusini kwa siri Januari 1962, alipita kwetu bila pasipoti, na ni Serikali ya Tanganyika iliyompa karatasi ya kumwezesha kutoka na kurudi. Kwa hiyo nchi yetu changa ilikwisha kutoa kile ambacho kwenye filamu watu wanauana kukipata, na ilikitoa bure.

Mkanda wa kwanza ulipokwisha, Anko akiwa anafunga wa pili, Kaka aliuliza kwa sauti swali ambalo limenikaa miaka zaidi ya hamsini.

"Ndege inakwenda Lisbon?"

"Lisbon," dada akajibu.

"Kutafuta uhuru?"

Vijana wenzake walicheka, kicheko kikavu. Kwao Lisbon ilikuwa makao ya PIDE, mji zilikotoka ndege za mabomu, mji ambao wengi waliamini mkono wake ulikifunga kile kitabu cha Mondlane. Na hapa kuna wazungu wamejaa baa, wanauza pete na almasi ili wafike huko wapate kupumua. Halafu Kaka akauliza la pili: "Na wenye mji wako wapi?" Ni kweli. Morocco yote ile, na Wamorocco ni wabeba mizigo, wapita njia, watu wa kufungua milango. Wafaransa wanalilia nchi yao iliyotekwa, wakiwa wamekaa kwenye nchi waliyoiteka wao.

Alitueleza kwamba kwake jina Casablanca lina maana nyingine. Katika mji huohuo, Aprili 1961, vyama vya kupinga ukoloni wa Kireno viliunda umoja wao, na mkutano wao wa pili ukafanyika Dar es Salaam mwaka 1965. Kwa Kaka, njia kutoka Casablanca ilikuja hapa.

Lakini asije mtu akadhani aliidharau picha. Mkanda wa pili una pale Wajerumani wanapoimba wimbo wao ndani ya baa, na Laszlo anaiamuru bendi ipige wimbo wa taifa wa Ufaransa, na baa nzima inasimama kuwazidi sauti. Nilimwona Kaka ametoka ukutani, amesimama wima mikono ubavuni, machozi yanamshuka. Alijua wimbo ni wa wakoloni wa wengine. Alilia hata hivyo. Anko, mkono juu ya projekta, alikuwa akilia pia. Baadaye alitwambia kwamba wengi katika waigizaji wale walikuwa wakimbizi wa kweli. Conrad Veidt, anayeigiza meja wa Kinazi, aliikimbia Ujerumani yeye na mkewe Myahudi, na yule binti Mfaransa anayelia huku akiimba, Madeleine Lebeau, alitoroka Ufaransa mwaka 1940 kwa njia hiyohiyo ya Lisbon.

Baba alikaa kimya karibu picha nzima. Mara ya kwanza alipozungumza ni pale iliposemwa kwamba Rick aliwapelekea Wahabeshi bunduki mwaka 1935. Akasema, "Huyu basi ni mtu." Mara ya pili ilikuwa mwishoni kabisa, mkuu wa polisi wa Kifaransa alipotazama chupa yake ya maji, akaona imeandikwa Vichy, akaitupa kwenye kapu la takataka na kuipiga teke. Baba aliinuka kitini.

"Hao! Hao ndio tuliopigana nao Bukini!"

Watu waligeuka. Serikali ya Vichy ndiyo iliyokubali kuwatumikia Wajerumani Ufaransa ilipoanguka, na Bukini, Madagascar, ilikuwa mikononi mwake. Septemba 1942 Keya, askari wa Waingereza kutoka Afrika Mashariki, waliteremka Majunga, na kati yao kilikuwamo kikosi cha Tanganyika, na ndani ya kikosi hicho baba yangu, dresa wa miaka ishirini na mmoja, na begi la bendeji. Walitembea kuelekea kusini wakiondoa magogo na mawe ambayo Wafaransa walizibia barabara, mpaka gavana wa Vichy akasalimu amri mapema Novemba. Wiki tatu hazijatimia, New York wanakaa kwenye viti kutazama Bogart akiamua kwamba vita hivi vinamhusu. Baba vilikuwa vimekwisha kumhusu. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Nimekimbilia mwisho nikaruka pale dada aliponyamaza. Ni usiku, Ilsa amekuja chumbani kwa Rick kuchukua vibali, ameshindwa, amekiri kwamba bado anampenda. Amechoka kuamua. Anamwambia Rick afikiri yeye kwa niaba yao wote wawili, na ya mumewe pia. Dada alikuwa akitafsiri vizuri, sauti yake nyororo, na hapo akakata. Wanawake wakamsukuma begani: anasemaje? Anasemaje? Dada akasema, "Sitafsiri hilo." Akainamia goti lake. Sehemu iliyobaki tuliitazama bila maneno. Rick anampakia Ilsa ndege na mumewe, yeye anabaki kwenye ukungu. Mtaani kwetu steringi hampi mwanamke wake mtu mwingine, na kesho yake vijana walibishana kutwa nzima kama Bogart ni shujaa au bwege.

Miaka mingi nilidhani dada aliona haya mbele ya wazazi. Nilimuuliza hivi karibuni. Akasema hapana. Alikuwa amejua tangu asubuhi kwamba Kaka ameitwa Nachingwea. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia aende. Mwezi ule mzima alikuwa akimfikiria Josina, mwanamke aliyevuka mipaka mitano kwa akili yake mwenyewe, na hapa kwenye shuka la mama yake anaambiwa mwanamke mwenye mapenzi makubwa humwachia mwanamume kufikiri. Alikataa maneno hayo yapite kinywani mwake.

Naipenda Casablanca. Imetengenezwa kwa ustadi, na mapenzi yake hayajachuja. Lakini hukumu ya dada ni yangu pia, na ya Kaka juu ya wenye mji ni yangu. Vita, mapenzi, majasusi na karatasi vilikuwapo Dar es Salaam kwa miaka zaidi ya kumi, na wanawake wa hapa waliamua mambo makubwa jikoni na mawodini. Filamu yao sijaiona mpaka leo.

Usiku ule watu walipotawanyika, Kaka alimsaidia Anko kukunja nyaya. Walianza na neno mojamoja, kisha wakakaa kwenye ngazi, wakazungumza Kireno mpaka nilipolala. Kaka aliondoka Agosti, alfajiri, na begi moja. Anko aliondoka Septemba. Ziliwahi kuja barua tatu kutoka kusini, ya mwisho mwaka 1972. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, dada alikaa na redio tangu jioni mpaka usiku wa manane. Miezi iliyofuata wenzake Kaka wawili walipita kutuaga wakielekea nyumbani. Yeye hakuwa nao, na walipoulizwa walitazama chini.

Dada aliolewa mwaka 1977, ana watoto watatu na wajukuu. Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba majina nisiyataje. Ile sarufi ya Kireno bado anayo, na pembe yake moja ina alama ya upondo wa baba.